Barakoa ikishuka chini ya pua, tuulize kwanza

Msimu wa kahawa uliopita nililipa amendi mara tatu. Franga 2.000 kila mara, zilikatwa kwenye malipo yangu bila mtu kuniuliza neno. Kosa lilikuwa lile lile: barakoa, ile sisi tunaita kashene, ilikutwa chini ya pua ndani ya depo ya mashini. Sikatai. Mara zote tatu ilikuwa kidevuni, na mimi mdomo wazi kama samaki aliyetupwa kwenye mchanga wa Ziwa Kivu.

Siandiki ju ya kulilia franga 6.000. Zilishakwenda. Ninaandika kwa sababu siku ya ile amendi ya tatu, mama mmoja wa triyaji aliandikwa pamoja na mimi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kisha pale hakurudi kazini mpaka msimu ukaisha. Alisema afadhali akose pesa kuliko akose pumzi. Pua yake ilikuwa imeziba tangu miezi mitatu, na hakuna mtu wa komite aliyejua, maana hakuna aliyemuuliza.

Niseme mapema ili tusigombane bure: kanuni ya barakoa ni nzuri, na mimi niliinua mukono wakati tuliipitisha. Siko kati ya wale wanaosema kashene inamaliza hewa ao inaleta ugonjwa. Maneno kama yale tuliyasikia sana wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 huku Kivu Kaskazini na Ituri, tukayasikia tena wakati wa Corona. Hewa inapita. Waganga wa upasuaji wanaivaa masaa mengi na wanatoka wakiwa wazima. Hata kuko watu wa alerji ambao barakoa inawasaidia: mwaka 2020 watafiti wa Israeli waliuliza wauguzi wenye alerji ya pua, na wengi walisema wakivaa barakoa kupiga chafya na kamasi vinapungua. Inaeleweka, maana vumbi linabaki nje.

Shida yangu ni ingine. Kanuni yetu iliandikwa kwa mtu mwenye pua wazi, na ndani ya depo yetu siyo wote tuko na pua wazi.

Tuanze na vumbi lenyewe. Kahawa parche ikifika kwenye mashini ya kukoboa, ile dekortikeze, lile ganda linavunjika na kutoa unga mwepesi unaoelea kama moshi. Wengi wanafikiri ni uchafu tu, mtu akikohoa na kupiga chafya basi anasafisha na inaisha. Siyo hivyo. Vumbi la kahawa mbichi, ile haijakaangwa, linajulikana na waganga wa magonjwa ya kazi kama kitu kinacholeta alerji. Mtu anaweza kufanya kazi msimu wa kwanza na wa pili bila shida, mwili ukiwa unajifunza kulichukia pole pole, kisha msimu wa tatu pua inafunga na macho yanamwasha. Wenzetu wa mashini ya kusaga unga wako na mambo karibu sawa. Tena mama zetu wanaongeza moshi wa kuni asubuhi na jioni juu ya lile vumbi la mchana. Sasa pua gani itabaki wazi?

Kuko namna moja rahisi ya kujua kama ni kazi inakuziba. Angalia siku ya Mungu na siku za konje. Kama pua inafunguka ukikaa nyumbani na inafunga tena siku ya kwanza ukiingia depo, usitafute mchawi. Kama kifua nacho kinapiga filimbi ao unakohoa usiku kisha kazi, ile imeshapita pua, nenda kwa muganga haraka, inaweza kuwa asma. Na kama pua imeziba siku zote, kazini na nyumbani, kiangazi na masika, inawezekana sababu ni ingine: mfupa wa katikati umepinda (wengi waliupata kwa mpira ao kwa kuanguka na moto), ao kuko vinyama vilivyoota ndani, ao sinuziti ya zamani. Vile barakoa haiviletí wala haiviponyeshi.

Chukua kioo kidogo, kiweke chini ya pua, pumua taratibu. Utaona alama mbili za mvuke. Upande mmoja kuwa mdogo kuliko mwingine siyo ugonjwa, pua ya mtu muzima inabadilishana: masaa fulani kushoto kunafungua, masaa mengine kuume. Lakini kama ni upande ule ule kila siku, na hasa kama unatoa damu, usingoje. Na mtoto mwenye upande mmoja umeziba na unanuka, mara nyingi aliingiza mbegu ya mahindi ao ya maharagi ndani. Ile nayo iende kituo cha afya, musijaribu kuitoa na kijiti.

Sasa ndani ya barakoa kunatokea nini? Mtu wa pua wazi anapumua, hewa inapita puani, inapashwa joto, inapata unyevu, na sehemu kubwa ya vumbi lililobaki inashikwa na kamasi na vinyweleo. Ni chujio la pili kisha kashene. Mtu wa pua iliyoziba anapumua kwa mdomo. Mdomo haichuji kama pua. Koo linakauka, mate yanakuwa mazito, na pumzi ya mdomo inatoka na maji mengi, barakoa inalowana mbele ya midomo kwa muda mfupi. Kitambaa kikilowana hewa inapita kwa shida, kinanata kwenye midomo kila ukivuta. Unavuta kwa nguvu zaidi. Moyo unaanza kwenda mbio, hofu inaingia, na mukono unaenda wenyewe kushusha kashene. Nilifanya vile mara tatu na kila mara mukono ulitangulia bongo.

Halafu ile dakika umeishusha, uko unavuta vumbi kwa mdomo wazi, kwa nguvu, moja kwa moja mpaka kifuani. Njo maana nasema mtu wa pua iliyoziba anahitaji barakoa kuliko mwingine yeyote ndani ya depo, na ni yeye wa kwanza kuishusha. Amendi haiwezi kufungua pua. Inamfundisha tu kuangalia kama msimamizi anakuja.

Nitaeleza makosa yangu mwenyewe, maana nilipoteza karibu miaka miwili. Nilipoona pua inafunga niliuziwa sokoni chupa ndogo ya matone. Ile siku ya kwanza nilishukuru Mungu: dakika tano, pua wazi mpaka ndani ya kichwa! Nikatia asubuhi, nikatia mchana kabla ya kuvaa kashene, kisha usiku ili nilale. Kisha wiki chache, chupa ikikosekana nilikuwa mgonjwa kuliko zamani. Muganga wa kituo cha afya alicheka kidogo, si kwa dharau, akaniambia: "Papa, pua yako haina ugonjwa wa zamani tena, iko na ugonjwa wa dawa." Yale matone yanayofungua haraka, ya oksimetazolini, zilometazolini na ndugu zao, yanakaza mishipa ya damu ndani ya pua. Ukiyatumia siku 3, mwisho siku 5, hakuna shida kubwa. Ukipitisha pale, mishipa inavimba kila dawa ikiisha, na unatia tena kuponya kile dawa yenyewe imeleta. Kuyaacha kulinichukua majuma matatu magumu. Nilianza kuacha tundu moja la pua, la pili likabaki na dawa, kisha nikaacha yote. Wenzangu wa depo, ninajua mifuko yenu, ninajua ni wangapi wako na ile chupa.

Mafuta ya mentoli nayo yanatudanganya kwa namna yake. Yanaleta baridi, unasikia kama hewa imeongezeka, lakini njia ya pua inabaki nyembamba vile ilikuwa. Na ukiyapaka chini ya kashene yanapanda machoni. Tumbaku ya kunusa ya wazee wetu, heshima kwao, inaongeza tu kile kidonda. Vidonge vya alerji vya zamani kama klorfeniramini vinasaidia chafya na kamasi, lakini vinaleta usingizi. Mtu asivimeze asubuhi kisha akasimame karibu na mukanda wa mashini. Kuko vingine kama setirizini na loratadini visivyolaza sana. Muulize muganga.

Kilichonisaidia mimi ni maji ya chumvi, na hakikuniuzisha mbuzi. Chemsha maji litre moja, yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima. Wenzetu wa milima ya juu sana, kupita metre 2.000, muache dakika 3, maana kule maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Yapoe mpaka vuguvugu. Tia vijiko vidogo 2 vya chumvi vilivyosawazishwa, visiwe na kilima. Osha mikono, inamisha kichwa juu ya beseni, tumia sirinji safi isiyo na sindano, pumua kwa mdomo, ingiza upande mmoja taratibu, maji yatoke upande wa pili. Ninafanya kisha kazi, mbele ya kuoga. Siku za kwanza utaona kinachotoka na utaelewa ulikuwa unalala na nini kichwani. Maji ya ziwa ao ya mto bila kuchemsha, hapana kabisa. Yale yaliyobaki kesho yake nayo yamwage.

Kwa wale ambao chumvi haitoshi, kuko dawa ya kupuliza ya aina ya budezonidi ao beklometazoni. Siyo kama yale matone. Haifungui kwa dakika tano, inataka siku nyingi, wakati mwingine majuma, ukipuliza kila siku. Wengi wanaiacha siku ya tatu wakisema ni ya uongo. Bei yake kwetu si ndogo, na hapa ninaona koperative ingeweza kufanya jambo kuliko kununua fulana za mkutano.

Nirudi kwa mama wa triyaji. Muganga alimueleza kitu ambacho hata mimi baba wa watoto sita sikujua: mimba yenyewe inaweza kuvimbisha pua. Siyo mafua, siyo alerji. Mwili unabadilika, na ndani ya pua kunavimba. Inaishaka kisha kuzaa. Mama wa mimba pia hawezi kumeza dawa yoyote anayoona farmasi. Kwa hiyo alikuwa na pua imefungwa na Mungu mwenyewe, tumbo linasukuma pumzi juu, kashene ya kitenge imelowana usoni, na meza ya triyaji iko metre kumi kutoka mdomo wa dekortikeze. Sisi tukamkata franga 2.000.

Mbona meza za triyaji ziko ndani? Nimeuliza, jibu ni kwamba zilikuwa pale tangu mwanzo. Kuchagua kahawa hakuhitaji moto wa mashini, kunahitaji mwanga na kivuli. Chini ya hangari ya nje kuko vyote viwili. Ile bomba inayotoa maganda ingeweza kurefushwa ipite ukutani na kutupa nje, upande ambao upepo unatoka kwetu. Milango miwili inayotazamana ifunguliwe wakati mashini inazunguka, badala ya kufunga mmoja kwa kuogopa wezi. Na ile kufagia kavu jioni iishe. Ninajua hatuwezi kumwagia kahawa maji, parche inatakiwa kubaki na unyevu wa asilimia 10 mpaka 12, lakini kisha magunia kuondoka, sakafu inaweza kunyunyiziwa kidogo mbele ya kufagia. Barakoa ni kitu cha mwisho, siyo cha kwanza. Sisi tulianza na cha mwisho kwa sababu njo cha bei rahisi, na ukikivunja tunakukata pesa.

Barakoa yenyewe, tuangalie ni gani. Ile ya kitenge tuliyoshonewa wakati wa Corona ilikuwa ya kuzuia mate yasimfikie mwenzako. Vumbi jembamba linapita ndani yake na pembeni. Ile ya bluu ya hospitali inaacha nafasi mashavuni. Kwa kazi ya mashini inatakiwa ile ngumu ya FFP2 ao N95, iliyotengenezwa kushika asilimia 94 ao 95 ya chembe nyembamba, yenye mikanda miwili nyuma ya kichwa na waya unaobanwa kwenye pua. Kwa mtu wa pua iliyoziba ninashauri ile yenye kidude cha valvu mbele: pumzi inatoka kwa urahisi na ndani hakulowani haraka. (Kwa ugonjwa wa kuambukiza valvu siyo nzuri, inatoa pumzi yako kwa wengine. Kwa vumbi haina neno.) Mtu awe na mbili, abadilishe ya kwanza ikilowana. Na kila saa apewe ruhusa ya kutoka nje kabisa, mbali na vumbi, ashushe, apumue, anywe maji, arudi. Dakika tano. Tunapoteza zaidi ya zile tukingoja mafuta ya mashini.

Prezida wetu, ambaye ninamheshimu, alinijibu hivi: "Nikimwachia mmoja, kesho wote watasema wako na pua." Ana haki kidogo. Nawajua vijana wawili ambao pua zao zinaziba tu wakati magunia ni mazito. Lakini jibu siyo kuadhibu wote. Mtu akisema pua yake imeziba, aende kituo cha afya, arudi na karatasi. Wakati anatibiwa, apewe kazi ya nje ya vumbi: kuanika parche, kupima, kushona magunia, kwa malipo yale yale. Mwongo hatakubali kwenda kwa muganga mara mbili. Mgonjwa atakwenda mbio.

Tena kuko swali la haki. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ile ya mwaka 2010, inazungumzia kanuni ya ndani ya koperative, reglema. Ndani ya reglema yetu barakoa imo. Amendi haimo. Nimeisoma kurasa zote. Iliongezwa kwa mdomo siku moja asubuhi, na ikaanza kukatwa jioni. Mkutano mkuu haujaipigia kura. Kama wanamemba watakubali amendi ibaki, nitalipa na nitanyamaza, lakini iandikwe kwanza, na iandikwe pia koperative inatoa barakoa gani, ngapi kwa mwezi, na mgonjwa anafanywaje. Pesa zile zilizokatwa msimu uliopita nazo zisomwe mbele yetu: ni ngapi na zilinunua nini. Kama zingenunua FFP2 ningekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mimi sasa ninavaa ya valvu, niliinunua mwenyewe mjini. Pua imefunguka upande wa kuume, wa kushoto bado, na muganga amenipa karatasi ya kwenda kuonana na daktari wa pua na masikio ili aangalie kama mfupa umepinda. Mama wa triyaji alizaa binti mwezi wa tano, na kisha majuma machache pumzi ilirudi kama zamani. Tulikutana sokoni, mtoto mgongoni. Aliniambia atarudi msimu huu kama meza zitatoka nje. Nilipita depo juzi, ziko bado mahali pale pale.